Mbwa Mzee Anayemaliza Ndoo ya Maji: Kuutafuta Ugonjwa wa Cushing

Mara nyingi anayegundua si mwenye mbwa, ni dada wa kazi au mlinzi, kwa sababu ndiye anayejaza maji. Anasema tu, "Huyu Simba siku hizi anakunywa kama ng'ombe," watu wanacheka, wanalaumu joto la Dar. Miezi minne baadaye Simba ana kitambi, uti wa mgongo umeanza kuhesabika, manyoya ya ubavuni yamepukutika, na nyumba nzima imeshakubaliana kwamba ni uzee. Nimetibu mbwa wa kutosha kulichukia neno hilo. Uzee haumalizi ndoo ya maji.

Picha hiyo inafanana sana na ugonjwa wa Cushing, hali ambapo mwili wa mbwa umejaa kotisoli kupita kiasi kwa muda mrefu. Kotisoli ni homoni inayotoka kwenye tezi mbili ndogo zilizo jirani na figo, ziitwazo adrenali. Tezi hizo hupokea amri kutoka tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Jina ni la Harvey Cushing, daktari wa upasuaji wa ubongo wa Marekani aliyeieleza hali hii kwa mgonjwa wake mwaka 1912. Kwa binadamu ni ugonjwa adimu. Kwa mbwa waliopita miaka minane au tisa si adimu hata kidogo, hasa mbwa wadogo kama pudo (poodle) na dachshund, ingawa mbwa chotara wa mtaani kwako hajasamehewa.

Kotisoli inazidi kwa njia tatu. Katika mbwa wanaougua wenyewe, takriban wanane kati ya kumi wana uvimbe mdogo kwenye pituitari, unaotoa amri bila kupumzika. Waliobaki wana uvimbe kwenye adrenali yenyewe. Njia ya tatu inatoka kwetu sisi, kwa sindano, vidonge na krimu. Hiyo ndiyo ninayoanza nayo kila mara.

Kabla ya kipimo chochote, hesabu dawa

Mzee mmoja wa Mbagala aliniletea mbwa wake, chotara wa German Shepherd wa miaka tisa. Tumbo limeshuka, ngozi nyembamba kama karatasi ya sigara. Nikamuuliza kama mbwa anatumia dawa.

"Hapana dokta, hatumii chochote."

"Hata sindano, mzee wangu?"

"Aa, sindano ya kuwashwa anachomwa. Kila mwezi. Kuna kijana huwa anakuja nyumbani."

"Tangu lini?"

Akamtazama mkewe. "Tangu tulipohamia. Mwaka juzi."

Sindano ya namna hiyo ina steroidi, ndugu wa kotisoli aliyetengenezwa kiwandani. Inapendwa kwa sababu inafanya kazi: mbwa aliyekuwa akijikuna usiku kucha anatulia kesho yake, na bei yake ni ndogo kuliko kutafuta kinachomwasha. Lakini pituitari ikishaona damu imejaa steroidi, inanyamaza. Adrenali zisipopata amri zinasinyaa. Unabaki na mbwa mwenye kila dalili ya Cushing wakati tezi zake mwenyewe zimelala fofofo.

Kwa hiyo kusanya kila kitu: kadi ya kliniki, risiti za duka la dawa za mifugo, chupa tupu. Tafuta majina haya: prednisoloni, deksamethasoni, methiliprednisoloni, triamsinoloni, betamethasoni. Usiruke dawa za matone ya masikio na macho, kwani nyingi zina steroidi, na mbwa mdogo anayewekewa miezi kadhaa anaweza kuathirika. Kisha uliza swali ambalo watu hawalipendi: kuna mtu nyumbani anayepaka mkorogo, au krimu ya klobetasoli au betamethasoni? Mbwa anayelala miguuni pa mwenye nyumba na kumlamba mikono kila jioni anameza dawa hiyo kidogo kidogo. Nikiuliza hivi wapo wanaonitazama kama nimewatukana. Huwa naendelea kuuliza.

Ukigundua steroidi imetumika muda mrefu, usiikate ghafla kwa hasira. Tezi zilizolala haziamki kwa siku moja, na mbwa asiye na kotisoli kabisa anaweza kuzimia na kufa. Daktari atapunguza dozi polepole, kwa wiki kadhaa au miezi, na kinachomwasha kitafutiwe tiba yake: viroboto, upele, mzio wa chakula.

Angalia pia kama mbwa anapewa fenobabitali kwa kifafa. Dawa hiyo nayo huleta kiu, njaa na mkojo mwingi, na huvuruga majibu ya damu kwa namna inayofanana mno na Cushing.

Dalili: maji na mkojo vimezidi

Usikisie, pima. Mtenge mbwa na wenzake, funga bomba linalovuja, funika madimbwi. Chukua chupa ya lita moja na nusu, mimina kwa kuhesabu, na baada ya saa 24 toa kilichobaki. Fanya siku tatu. Mbwa mzima kwa kawaida hunywa karibu mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya uzito. Akivuka 100 kwa kilo, pana tatizo. Yaani mbwa wa kilo 20 akimaliza zaidi ya lita mbili kwa siku, hilo si joto tena. Kumbuka chakula: anayekula ugali uliolowekwa kwenye mchuzi wa dagaa anapata maji mengi humo humo, kwa hiyo hata lita moja na nusu kwake inatia shaka kuliko kwa anayekula chakula kikavu cha mfuko.

Sasa tazama njaa, maana njaa ndiyo inayotenganisha. Mbwa wa Cushing ana ulafi. Anaiba jikoni, anapindua pipa la taka, anakula na bado anakusimamia. Mbwa mwenye figo mbovu naye anakunywa sana, lakini anakataa chakula, anakonda, anatapika, mdomo unanuka. Mwenye kisukari anakula vizuri huku anakonda, na mkojo wake una sukari. Macho yake yanaweza kupata ukungu mweupe ndani ya muda mfupi. Magonjwa haya hayaogopani: Cushing yenyewe inaweza kumletea mbwa kisukari, na mbwa wa kisukari asiyetulia hata akiongezewa insulini anastahili kuchunguzwa Cushing.

Kama ni jike ambaye hajafungwa kizazi, na alikuwa kwenye joto ndani ya miezi miwili iliyopita, usisome zaidi. Kiu kali kwa jike wa namna hiyo inaweza kuwa usaha ndani ya mfuko wa uzazi, awe anatokwa na uchafu au hatokwi. Huyo apelekwe leo. Cushing inaweza kusubiri wiki, usaha hausubiri.

Dalili: tumbo limeshuka

Simama nyuma ya mbwa na umshike mapaja na mgongo. Kwa Cushing utakuta tumbo la pipa juu ya miguu iliyokonda: misuli imeliwa, mafuta yamehamia ndani, ini limekua, na kuta za tumbo zimelegea mpaka haziwezi kubeba vilivyomo. Uzito wenyewe huenda haujabadilika, ndiyo maana mizani inadanganya.

Mbwa aliyenenepa kwa kulishwa ana mafuta kila mahali, hata mbavuni na kiunoni. Maji tumboni ni kitu kingine: weka kiganja upande mmoja, gonga kwa kidole upande wa pili, ukisikia wimbi linakuja mkononi fikiria moyo, ini au protini iliyoshuka. Minyoo hujaza tumbo la mtoto wa mbwa. Kwa mbwa wa miaka kumi siiweki juu ya orodha, hata kama ndiyo dawa ya kwanza anayopewa kila mahali. Na tumbo lililojaa ghafla leo, fizi zikawa nyeupe, au mbwa akawa anajaribu kutapika pasitoke kitu, hiyo ni dharura ya upasuaji.

Dalili: manyoya na ngozi

Cushing hupukutisha manyoya pande zote mbili kwa kulingana, mbavuni, tumboni, shingoni, huku kichwa na miguu vikibaki na manyoya yake. Mbwa hajikuni. Ukivuta ngozi ya tumbo inakuja nyembamba, mishipa ya damu inaonekana kama ramani, kuna vichunusi vyeusi, na alipochomwa sindano ya kutolea damu pamevilia. Kidonda kidogo hakiponi. Manyoya yaliyonyolewa ili kuweka dripu hayaoti hata baada ya miezi. Mara chache utakuta mabaka magumu kama chokaa iliyokauka chini ya ngozi. Ni kalsiamu, na ukiyaona hayo kwa mbwa mzee, kwanza rudi kwenye swali la dawa.

Akijikuna, tafuta viroboto, upele na mzio kwanza. Mabaka ya duara yenye magamba yanaelekea kwenye fangasi. Lakini kuna mtego hapa ambao umenipiga mwenyewe. Mbwa wa mzio aliyejikuna miaka mitano akiacha ghafla bila tiba, mwenyewe anafurahi na wewe unafurahi naye. Kotisoli hutuliza mzio, kama ile sindano ya steroidi. Mwili ukiitengeneza kupita kiasi, mwasho unazimwa. Mtego wa pili ni upele wa demodeksi, wadudu wadogo wa kwenye ngozi, unaozuka kwa mara ya kwanza uzeeni. Mbwa mzima mwenye kinga nzuri huishi na wadudu hao bila shida. Wakifumka akiwa na miaka kumi, tibu upele, halafu uliza nani aliyeishusha kinga.

Anayefanana zaidi na Cushing kwa nje ni mbwa mwenye upungufu wa homoni ya thairoidi. Huyo amepooza, ananenepa bila ulafi, anatafuta jua, mkia umebaki kama wa panya, na hanywi maji kupita kawaida. Hapo ndipo kosa la maabara huingia: Cushing yenyewe hushusha kipimo cha thairoidi kiitwacho T4. Daktari akikiona kimeshuka, akaanzisha vidonge vya thairoidi, mbwa anaendelea kumaliza ndoo. T4 peke yake isikutoshe.

Kuhema, kulegea, na yasiyolingana

Mbwa wa Cushing huhema usiku wa manane hata kukiwa na upepo, na hushindwa kuruka kupanda pikapu aliyokuwa akiipanda bila kufikiri. Moyo, mapafu na maumivu ya viungo hufanya hivyo hivyo, kwa hiyo asikilizwe kifua. Kuhema kwa taabu kulikoanza ghafla ni jambo la kwenda kliniki sasa hivi. Damu ya mbwa hawa huganda kirahisi na donge linaweza kuziba mapafu.

Dalili moja hunifanya niachie wazo la Cushing mapema: mbwa anayekataa kula. Haiendani. Aidha ni ugonjwa mwingine, au uvimbe wa pituitari umekua hadi kubana ubongo, na hapo utaona anazunguka bila lengo, anasimama akitazama ukuta, anapotea ndani ya uwanja wake mwenyewe.

Damu na mkojo wa kawaida

Anza na mkojo wa asubuhi, wa kwanza. Upawa uliofungwa kwenye fimbo unatosha kuudaka, mradi umeoshwa ukasuuzwa vizuri. Mkojo wa Cushing ni mwepesi, uzito wake wa kulinganisha na maji kwa kawaida uko chini ya 1.020. Mkojo uliokolea vizuri unapunguza shaka. Uoteshwe pia kutafuta bakteria, kwa sababu mbwa hawa hupata maambukizi ya njia ya mkojo bila hata kuonyesha maumivu.

Kwenye damu, kimeng'enya cha ALP hupanda kwa mbwa wengi wa Cushing, mara nyingine mara kumi ya kawaida, kwa sababu ini la mbwa lina aina ya ALP inayoamshwa na steroidi. Kolesteroli nayo hupanda. Lakini ALP iliyopanda kwa mbwa asiye na dalili haisemi Cushing, na ALP ya kawaida haimtoi mbwa mwenye dalili zote.

Kwetu, ambako ugonjwa wa kupe unaotokana na Ehrlichia upo kila kona, hesabu ya chembe sahani, zile zinazogandisha damu, inasaidia. Cushing huelekea kuzipandisha. Ehrlichia huzishusha. Mbwa aliyelegea, anayevilia damu na chembe sahani zimeshuka, mtafutie ugonjwa wa kupe kabla hujatafuta homoni.

Vipimo vya homoni

Hivi hufanywa kwa mbwa mwenye dalili tu. Mbwa aliye na nimonia, kisukari kilichoharibika au jeraha kubwa ana kotisoli ya juu kwa haki yake, na kipimo kitamsingizia. Mtibu kwanza yaliyo dhahiri.

Kupima kotisoli mara moja tu hakufai kitu. Inapanda na kushuka mchana kutwa, na safari ya bajaji peke yake inatosha kuipandisha. Ukipewa karatasi yenye namba moja ya kotisoli na neno "Cushing", omba maelezo zaidi.

Kipimo cha bei nafuu ni uwiano wa kotisoli na kreatinini (taka ya misuli inayotolewa na figo) katika mkojo uliodakwa nyumbani, siku chache baada ya mbwa kutoka kliniki, akiwa ametulia. Ukiwa wa kawaida, Cushing karibu uiweke kando. Ukiwa juu haujathibitisha kitu, maana magonjwa mengi huupandisha.

Kipimo ambacho madaktari wengi hukitegemea ni kile cha deksamethasoni kidogo. Damu hutolewa, mbwa huchomwa miligramu 0.01 kwa kilo kwenye mshipa, kisha damu hutolewa tena baada ya saa nne na saa nane. Pituitari yenye afya hunyamaza na kotisoli huzama. Kwa maabara nyingi, kotisoli ikiwa juu ya takriban nanomoli 40 kwa lita katika saa ya nane inaunga mkono Cushing. Ikishuka saa ya nne kisha ikapanda tena saa ya nane, tatizo liko kwenye pituitari. Isiposhuka kabisa, inaweza kuwa pituitari au adrenali, na ultrasaundi itasema: tezi zote mbili zikiwa kubwa ni pituitari, moja kubwa na mwenzake amesinyaa ni uvimbe wa adrenali.

Neno kwa wenzangu: dozi hiyo ni ndogo mno. Mbwa wa kilo 20 anahitaji miligramu 0.2, na ukiwa na chupa ya miligramu 2 kwa mililita hiyo ni sehemu moja ya kumi ya mililita. Bila kuizimua, sindano ikiteleza kidogo umebadilisha kipimo. Zimua, na hakikisha yote imeingia mshipani. Saa nane hizo mbwa akae mahali tulivu, si karibu na banda la wanaobweka.

Kipimo cha tatu hutumia ACTH ya kutengenezwa, ile homoni ambayo pituitari huitumia kuziamuru adrenali, na damu hutolewa kabla na saa moja baadaye. Hukosa baadhi ya wagonjwa wa kweli, lakini ndicho kinachowafichua wale wa sindano: unaziamuru tezi zao ziamke, hazijibu. Mbwa wa yule mzee wa Mbagala alianza na kotisoli ya chini kabisa na saa moja baadaye haikuinuka. Hakuwa na uvimbe wowote. Tulimshusha dawa kwa miezi mitatu na manyoya yakarudi, ingawa rangi ilibadilika kidogo.

Sampuli zikipelekwa maabara ya binadamu, uliza kama mashine yao imethibitishwa kupima damu ya mbwa, kisha puuza kiwango cha kawaida kilichochapishwa pembeni. Hicho ni cha mtu.

Jibu likiwa ndiyo

Hakuna haja ya kukimbia. Mbwa mwenye dalili ndogo, asiye na presha wala protini kwenye mkojo, anaweza kufuatiliwa bila dawa kwanza. Dawa inayotumika zaidi ni trilostani, inayouzwa kwa jina la Vetoryl. Inapunguza utengenezaji wa kotisoli, haiponyeshi uvimbe, kwa hiyo ni ya maisha. Uliza gharama ya mwaka mzima pamoja na vipimo kabla ya kununua kopo la kwanza. Uvimbe wa adrenali unaweza kuondolewa kwa upasuaji, mradi umepata mpasuaji mwenye uzoefu.

Kidonge hupewa pamoja na chakula. Kisifunguliwe, na mama mjamzito asikishike kwa mikono mitupu. Kipimo cha ACTH hurudiwa siku 10 hadi 14 baada ya kuanza, saa nne hadi sita tangu mbwa ameze, kisha baada ya mwezi, kisha kila miezi mitatu. Kiu hupungua wiki za mwanzo. Manyoya huchukua miezi. Usishangae mbwa akianza kuchechemea: yabisi iliyokuwa imefunikwa na kotisoli sasa inajitokeza, na ina dawa yake.

Cha kuangalia kila siku ni upande wa pili wa mizani. Mbwa anayetumia trilostani akikataa chakula, akitapika, akiharisha, akitetemeka au akashindwa kusimama, kotisoli imeshuka kupita kiasi. Usimpe kidonge kinachofuata. Mpigie daktari muda huohuo, na mbwa aonwe siku hiyohiyo, hata kama ni Jumapili.